Bado Inatembea

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na mimi nimeanza daftari hili kwa sababu nisipoandika nitapiga mtu. Mtu wa karibu ni mume wangu, naye ni mgonjwa, kwa hiyo acha niandike.

Uvimbe wa kooni umerudi. Mwaka jana ulichomwa kwa mionzi, tukashangilia mapema. Safari hii daktari hataki kusikia habari za mionzi. Anataka kukiondoa kisanduku chote cha sauti, kile kinachopanda na kushuka shingoni mtu akimeza. Mume wangu atapumua kwa tundu la shingoni. Atakula, atatembea, ataninunia kama kawaida yake. Hatasema tena.

Na huyu ndiye mtu ambaye mtaa mzima unamwita Redio. Amefundisha biolojia kwenye shule ya watoto wasioona tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kwa watoto wale sauti ya mwalimu ndiyo ubao. Kitabu kipya cha biolojia kimekuja cha kusomwa kwa macho tu. Redio akaamua kukisoma chote na kukirekodi, sura kumi na nne, ili watoto wabaki nacho yeye akishanyamaza. Wiki iliyopita alimwambia daktari, "Kitabu kwanza, kisu baadaye."

Daktari alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu, nakupa mpaka mvua hizi zikatike. Sasa hivi uvimbe uko ndani ya ukuta. Ukitoka nje ya ukuta sitakuwa na la kukata."

Kazi yetu inakwenda hivi. Yeye yuko chumba cha nyuma, magodoro yameegemezwa kuta zote kuzuia kelele, anasoma mbele ya maikrofoni na kompyuta kuukuu. Mimi niko sebuleni na kompyuta mpya. Nilihariri sauti kwenye kituo kimoja cha redio mpaka walipotupunguza, kwa hiyo najua kuondoa kikohozi, karatasi inayofunuliwa na mbwa wa jirani. Penye kosa lisiloondoka namwandikia, naye anairudia sentensi. Baada ya kisu hakuna kurudia, ndiyo maana sura haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka niisikilize hadi nukta ya mwisho. Mafaili yanatoka kwake kuja kwangu kwa waya alioutandaza mwenyewe ukumbini, enzi zile alipokuwa na wazimu wa mitambo. Flashi hatutumii. Flashi ya shemeji ilituletea kirusi kikala sura mbili nzima, na tangu siku hiyo Redio anasema flashi haitaingia kwenye kompyuta yake akiwa hai. Kwa hali yake, sentensi kama hiyo mtu habishani nayo.

Sura ilikuwa inafika chai haijapoa. Leo sura ya saba imeanza kutembea asubuhi, na saa kumi jioni ikakatika njiani, nayo ikikatika huanza upya.

Jumatano, 6 Machi

Nyumba hii ni ya kuongea kupitia kuta. Tangu tuoane sijawahi kwenda chumba cha pili kuuliza kitu ninachoweza kukiuliza kwa kupaza sauti.

"Imefika wapi?"

"Bado inatembea."

Hivyo, kutwa nzima.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemshika mchawi. Ni mwanetu wa mwisho, anayesoma chuo na kurudi nyumbani kulala, kula na kutazama filamu kwenye simu. Nimemwambia filamu zake ndizo zinazomchelewesha baba yake.

"Mama, natumia bando langu mwenyewe. Na intaneti ni kitu kingine, waya wenu wa humu ndani ni kitu kingine."

"Unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi, mama. Nakuambia."

Nimembadilishia nywila ya wai-fai hata hivyo. Amenuna. Sura ya saba iko palepale.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Nimemshuku jirani wa ukuta wa pili, yule anayecheka hata asipoambiwa kitu, kwamba amejiunganisha kwetu. Hajajiunganisha. Nimezima ruta nikaiwasha, nimeifuta vumbi, nimeihamisha kutoka kabatini kwenda mezani. Bado inatembea.

Ijumaa, 15 Machi

Sura ya saba imefika. Nimeisikiliza yote leo. Mwisho wa pumzi zake kuna kitu kinapiga mluzi mwembamba ambacho kwenye sura ya sita hakikuwepo. Nimejaribu kukiondoa kwa kompyuta, kimeondoka. Kisha nimekaa nikikifikiria, maana kutoka kwenye faili hakujakitoa shingoni.

Jumatatu, 18 Machi

Nimetambaa ukumbi mzima kwa magoti nikiukagua waya, nikiushika kidole kwa kidole. Nilihamisha kabati la viatu, nikafungua na kufunga vichwa vyake vya pande zote mbili. Mwanetu, ambaye sasa tumepatana, alininunulia waya mpya njiani akitoka chuo, tukautandaza wote. Redio alisimama mlangoni na bilauri yake ya maji ya uvuguvugu akitupa ushauri.

"Angalieni pale kwenye kona. Panya."

Hakukuwa na panya. Tulipomaliza nikaanza kutuma sura ya nane, nikautazama ule mstari wa kijani unaoonyesha faili lilipofika ukisogea kama mtu anayekwenda mahakamani. Hapo ndipo nilipokaa chini ukumbini nikalia, waya wa zamani umenizunguka miguu. Redio alikuja akaketi karibu yangu sakafuni, ingawa siku hizi kuketi chini kunamkata pumzi, akanipa leso yake. Hakusema kitu. Nilidhani anaipumzisha sauti.

Alhamisi, 21 Machi

Umeme hakuna.

Jumatatu, 25 Machi

Nimemleta fundi wa mitandao. Mtu wa maneno mengi na mkoba mkubwa. Amepima ruta, nzima. Amepima waya, mzima. Kisha akachomoa waya nyuma ya kompyuta ya Redio, akauchomeka kwenye laptopu yake, akanitumia faili kubwa kama filamu nzima. Lilifika kabla hajamaliza kuniambia linakuja.

"Mama, njia yenu haina neno. Ugonjwa uko ndani ya kompyuta ya mzee. Nipe nafasi nichungulie."

Redio alisimama mbele ya kompyuta ile kama mama aliyemficha mtoto nyuma yake. "Hii haifunguliwi. Sura zote zimo humu. Ikizimika mikononi mwako, nitasoma upya kwa koo gani?"

"Mzee, sifungui na bisibisi. Nachungulia mipangilio tu."

"Nimesema."

Fundi akafunga mkoba. Alipoondoka Redio akasema mafundi wa siku hizi, kitu wasichokijua wanasema kiko mahali wasipoweza kufika. Nikamuunga mkono. Nikaongeza langu, kwamba yule ni tapeli, ana macho ya tapeli.

Jumatano, 27 Machi

"Imefika wapi?"

"Bado inatembea."

Alhamisi, 28 Machi

Bado inatembea.

Jumatatu, 1 Aprili

Daktari amepiga simu mwenyewe. Asubuhi hakukuwa na mvua, na nadhani naye aliangalia dirishani kama mimi. "Mama, kitabu kimefika wapi?" Nimemwambia sura ya nane ndiyo kwanza imefika. Akasema kitanda kipo, na kwamba yeye si mtu wa kutisha watu kwa simu. Afadhali angenitisha.

Nimekwenda chumba cha nyuma na flashi mpya, bado imo kwenye pakiti yake. Nimemwonyesha Redio. Nimemwambia haijawahi kugusa kompyuta yoyote, ni safi, nipe sura zote zilizobaki mara moja, nazimaliza wiki hii, tunakwenda hospitali.

"Hapana."

"Umeshazisoma zote. Ziko hapo. Tunasubiri nini?"

"Flashi, hapana."

Nilipiga magoti. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba nilipiga magoti mbele ya mtu huyu, kwenye sakafu yangu mwenyewe niliyoipiga deki asubuhi, nikamwomba aniruhusu nimwokoe. Alinitazama macho yamejaa maji akatikisa kichwa. Nikamwita jina ambalo sitaliandika. Nimelala chumba cha mwanetu.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo mwanetu amempeleka baba yake kliniki kupimwa damu. Nilibaki peke yangu. Nilikwenda nikakaa kwenye kiti chake. Sikujua natafuta nini. Nilianza kufungua vidirisha kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni mwa makoti, mpaka nikafika kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao, ile sehemu ambayo waya unaingilia. Pale pana mahali pa kuchagua kasi. Kuna kumi, kuna mia, kuna elfu, na juu yake neno "otomatiki", ambalo ndilo kila kompyuta huja nalo kutoka dukani. Yetu ilikuwa kwenye kumi. Kasi ya chini kabisa, ya kompyuta za ujana wetu.

Nilidhani ni radi. Nilidhani ni kile kirusi cha shemeji, kimeacha mayai. Nikachagua otomatiki, nikatuma sura ya tisa, nikaenda kuosha vikombe. Nilipogeuka ilikuwa imefika. Nikatuma ya kumi. Ikafika. Nilicheza peke yangu jikoni na sabuni mikononi, mtu mzima na magoti yangu haya.

Alirudi kabla sijatuma ya kumi na moja, nikamwambia hata hajavua viatu. Alisema, "Hongera, fundi wangu." Kisha akakaa kwenye kochi na koti lake lililolowa, akakaa muda mrefu bila kulivua. Nikaona ni uchovu wa njiani.

Jumamosi, 6 Aprili

Sura ya kumi na moja inatambaa. Nimesubiri aingie kuoga, nimekwenda kuangalia. Kumi.

Radi haikupiga jana. Kirusi hakichagui. Humu ndani tuko watatu, na mwanetu alikuwa chuo.

Nimerudi sebuleni nikakaa. Maji ya bafuni yalikuwa yakimwagika. Alikuwa akiimba kidogo humo ndani kwa sauti yake ya sasa, ile ya mchanga. Sijawahi kumwogopa mume wangu, na leo nimemwogopa.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimeirudisha otomatiki akiwa amelala mchana, akaamka kabla sijatuma kitu. Sikusema.

Jumanne, 9 Aprili

Kumi. Naye hakusema.

Jumatano, 10 Aprili

Otomatiki. Nimepata nusu ya sura kabla hajaamka.

Alhamisi, 11 Aprili

Kumi. Wakati wa chakula alinipitishia chumvi kabla sijaiomba. Tumeongea habari za bei ya mabati. Mwanetu anatutazama kwa zamu, kama anayeangalia watu wawili wanaovuta kamba asiyoiona.

Mvua ya leo ilikuwa ya robo saa tu.

Jumamosi, 13 Aprili

Asubuhi alikohoa kwenye sinki, na sinki ilibaki na damu. Si nyingi. Aliifungulia maji haraka, lakini nilikuwa mlangoni.

Nikasema nisilokuwa nimepanga kulisema vile. "Nani anaweka kumi?"

"Mimi."

Hakugeuka. Alisema kama anayejibu mahudhurio darasani.

"Tangu lini?"

"Tangu siku tuliyotoka kwa daktari."

"Uliniona nikitambaa ukumbini."

"Nilikuona."

"Ukaniambia niangalie panya."

"Nilikuambia."

Nilitaka kumpiga. Mkono uliinuka kabisa, nao nikautumia kufunga bomba, kwa sababu maji yalikuwa yanapotea bure. Kisha nikakaa ukingoni mwa beseni la kufulia, naye akakaa kwenye kigoda, na bafu letu ni dogo, magoti yetu yakagusana.

Alizungumza polepole. Alisema alipokuwa anasoma hakuogopa. Alidhani atasoma mpaka mwisho, aondoke kama mtu aliyemaliza kazi yake. Halafu siku ileile ya daktari, sura ya sita ilipokwisha, mimi nilimpazia sauti kutoka sebuleni, kwa furaha, kwamba zimebaki nane tu. "Nikazihesabu. Toka hapo, nikiuona ule mstari unatambaa, najiambia leo siyo siku. Nikiuona unakimbia, narudi kuweka kumi."

"Na ukifa je? Daktari alikuambia mbele yangu. Ukuta, baba watoto. Ukuta."

"Kufa nimeshakuzoea kidogo." Akapangusa mdomo. "Lakini nawaza siku hiyo: nimekaa chumba cha nyuma, wewe uko mbele, unaniita. Kama unavyoniita kila siku, mkasi uko wapi, nani amechukua taulo. Nakusikia. Nami siwezi kuitika. Utaita mara mbili, mara tatu. Halafu utaacha."

Nilimwambia kaburi nalo haliitiki. Nilimwambia kwamba kama ningekuwa mtu wa kuacha kuita ningeacha zamani, maana hata akiwa na sauti nzima huitika siku anayotaka mwenyewe. Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaleta damu tena, na mara hii niliishikia leso. Nilimwambia nina hasira naye, na kwamba hasira hii haitakatika na mvua, atakwenda nayo hospitali na atarudi ataikuta. Nilimwambia mengine pia. Yalikuwa ya kumwomba.

"Nipe leo tu," akasema.

"Leo nakupa. Kesho utaiweka otomatiki kwa mkono wako. Mimi siigusi tena kompyuta yako."

Hakuahidi. Nimeandika haya nikiwa sijui. Kama kesho nitakuta inatambaa, sijui nitafanya nini.

Jumapili, 14 Aprili

Sura ya kumi na moja ilikuwa kwangu kabla sijaketi vizuri. Sikupaza sauti. Niliogopa kumshtua, kama unavyoogopa kumshtua mtu aliye juu ya ngazi.

Jumanne, 16 Aprili

Tumekwenda kwa daktari wote watatu. Alimtazama kooni muda mrefu sana. Uvimbe umeufikia ukuta. Hajui kama umetoboa, atajua akishafungua. Upasuaji ni tarehe ishirini na nne, na kama kitabu hakijaisha, alisema, basi kitaisha kwa mdomo wa mtu mwingine. Redio aliitikia kwa kichwa. Nje mwanetu alimshika baba yake mkono, akavuka naye barabara kama zamani yeye alivyovushwa.

Ijumaa, 19 Aprili

Sura ya kumi na mbili imekwisha. Ya kumi na tatu imekwisha, ina marudio mengi, sauti inamkimbia. Anarudia asubuhi tu, baada ya maji ya uvuguvugu, sentensi mbili tatu kisha anapumzika. Jua kali. Nimeanika magodoro mawili yasiyohitajika tena.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua imekatika. Nimemtumia yule fundi ujumbe wa kumwomba radhi bila kumweleza kwa nini. Amejibu kwamba anatoa pia huduma ya kamera za ulinzi.

Jumanne, 23 Aprili

Kesho alfajiri tunaondoka.

Leo saa tisa alasiri nimefika nukta ya mwisho ya sura ya kumi na nne. Hakuna kikohozi, hakuna karatasi, hakuna mluzi. Kilichobaki kilikuwa kumpazia sauti tu kwamba imekwisha. Nimekaa. Nilirudia dakika ya mwisho. Nikairudia tena. Mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya nao hautaki kutoka, na hapo ndipo nilipomwelewa mume wangu, si pale bafuni. Pale bafuni nilimsamehe tu, tena nusu.

Nikamwandikia: "Ukurasa wa mwisho, zoezi la tano, rudia."

Nikamsikia akifunua kitabu. Kisha, kupitia ukuta: "Ina kosa gani?"

"Kuna mbwa."

"Mbwa gani? Mbwa wa jirani wamehama naye tangu mwezi uliopita."

Nikasikia bilauri ikiwekwa mezani.

"Haya," akasema. "Nimemsikia. Mbwa yupo."

Akasoma. "Zoezi la tano. Eleza tofauti kati ya mzizi mkuu na mizizi ya nyuzi." Alisoma kama anavyosoma darasani, polepole, akiwaachia watoto nafasi ya kuandika. Sauti ya mchanga, lakini kila neno limesimama mahali pake. Sijui mizizi ya nyuzi ni nini. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumuuliza.

Faili lilifika kabla hajafunga kitabu. Nililiona likikaa mahali pake kwenye folda, la mwisho.

"Imefika?" akauliza.

Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu.

"Mama watoto, imefika?"

Nilikuwa naangalia ukuta. Upande wa pili kiti chake kililia, akaegemea karibu.

Akaita mara ya tatu. "Imefika?"

"Imefika," nikaitika.

Kisha nikazima kompyuta, nikaenda kumpangia begi.